Kabla ya ngao, lifunguliwe daftari la wanajiolojia wanaojitolea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Msimu wa mikutano mikuu ya vyama vya kitaaluma unakaribia na, kama ilivyo ada, kamati zitakumbuka wiki ya mwisho kwamba kuna watu wa kupewa vyeti. Majina yatatajwa kwa kukisia, vyeti vitachapwa usiku Mwanjelwa, na mtu aliyekibeba chama miaka 15 atakaa viti vya nyuma akiwapigia makofi wengine. Nazungumzia wanajiolojia wa mafuta na gesi wa Nyanda za Juu Kusini, ingawa wahandisi na wapima ardhi huenda nao wakajiona humu.

Mafuta na Mbeya wapi na wapi? Mbeya iko mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: Rukwa kaskazini magharibi, Usangu kaskazini mashariki na Nyasa kusini. Katika bonde la Rukwa mashapo, yaani mchanga na tope la kale, yamerundikana kwa unene wa kilomita kadhaa, na ni manene zaidi upande wa mashariki kwenye ufa wa Lupa kuliko upande wa magharibi wa Ufipa. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichoronga visima viwili huko, Ivuna-1 na Galula-1, isipate mafuta ya kuuza. Mambo yakapoa. Uganda ilipothibitisha mafuta kwenye bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na Kenya ikapata ya kwake Lokichar mwaka 2012, ramani za Rukwa zikakunjuliwa upya. Mwaka 2016 ikaja habari ya kuwapo kwa gesi ya heliamu huko Rukwa. Kila wimbi likija, watu wa kampuni, wahadhiri na wanafunzi huuliza swali lile lile: nani atatuonyesha miamba? Anayewaonyesha kwa kawaida ana ajira nyingine kabisa, na siku hiyo halipwi.

Wengi hudhani kazi hiyo ni kutembea na nyundo. Chukua safari ya siku moja ya watu 40, kutoka Mbeya kupitia Mbalizi hadi kwenye miamba myekundu ya Galula. Kiongozi huanza wiki mbili au tatu kabla. Anaipita njia yote mwenyewe, kwa sababu korongo lililovukika mwaka jana huenda masika yamelikata, na Coaster si Land Cruiser. Anapeleka barua kwa mtendaji wa kijiji ikitaja idadi ya watu, magari, siku na wanachokuja kufanya. Bila hiyo, kundi la wageni wenye nyundo huonekana ni wachimba dhahabu, na wenyeji wana haki ya kuwazuia. Anachagua vituo. Kituo chenye mwamba mzuri lakini kilichoko kwenye kona ya barabara kuu anakiacha, kwa kuwa malori ya Tunduma hayasubiri mhadhara. Magari yote yaegeshwe upande ule ule wenye mwamba, mtu asilazimike kuvuka.

Kisha kuna hesabu ya watu. Wakizidi 15 au hivi mbele ya ukuta mmoja wa mwamba, walioko nyuma hawasikii, wanapanda juu kutafuta nafasi, na mawe yanayoporomoka yanawaangukia wenzao walio chini. Kwa hiyo watu 40 ni makundi matatu yanayopokezana vituo, yaani viongozi watatu, na wote watatu wanajitolea.

Asidi ya kupimia chokaa, ya hidrokloriki, nayo ina mtu wake. Ya dukani, ile kali ya maabara, ina nguvu ya karibu asilimia 37. Ya uwandani inatakiwa karibu asilimia 10, yaani kipimo kimoja cha asidi kwa vitatu vya maji. Asidi ndiyo inayomiminwa polepole ndani ya maji. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya asidi kali, mchanganyiko huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Iwekwe kwenye vichupa vya plastiki vya kudondoshea vyenye maandishi makubwa, kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda, maana siku ya jua kali mwenye kiu hasomi lebo.

Kubwa kuliko hayo ni kijitabu cha mwongozo. Miamba myekundu ya Rukwa ilibishaniwa umri kwa miaka mingi, mpaka utafiti wa visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika kwenye miamba) katika bonde la Songwe ulipoonyesha kwamba sehemu moja ni ya zama za dinosaria, zama za Kretasia, na nyingine ina umri wa takriban miaka milioni 25 tu. Kwa macho zinafanana. Kwa mtu wa mafuta tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu umri ndio unaomwambia mwamba mama, ule unaozalisha mafuta, ulifukiwa lini, ukapata joto lini, na kama mtego, yaani umbo la miamba linalozuia mafuta yasipotee, ulikuwa umeshakuwepo mafuta yalipoanza kusafiri. Mwongozo wa zamani usiporekebishwa humfundisha mwanafunzi historia isiyo sahihi ya bonde zima. Anayekaa usiku kuurekebisha, akiweka vipimo vya mahali kwenye ramani vya kila kituo, mchoro wa tabaka na onyo kwamba visukuku havibebwi nyumbani kwa kuwa vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, huwa hatajwi hata kwenye jalada.

Yupo pia mtunza sampuli. Vipande vya mwamba vinavyoletwa juu na tope la kuchorongea havina thamani bila kina chake. Lebo ya karatasi huliwa na mchwa na wino hufifia, kwa hiyo mtunzaji makini huandika kwa penseli ngumu, lebo moja ndani ya mfuko na nyingine nje, na kuweka mifuko kwenye masanduku ya bati juu ya rafu isiyogusa ukuta. Kumbukumbu nyingi za zamani ziko kwa futi. Sampuli ya futi 5,000 imetoka mita 1,524; mtu akiiandika upya kuwa ni ya mita 5,000, ameisogeza chini karibu kilomita tatu na nusu, na kila anayeitumia baadaye anajenga juu ya kosa hilo. Mtunza sampuli hukagua mambo haya Jumamosi baada ya Jumamosi.

Mhazini, mwandika mihtasari na wanaosahihisha ikisiri za wanafunzi nao wamo, na kazi zao zinajulikana. Niongeze tu kwamba mihtasari mara nyingi huandikwa na wanawake wa chama, na orodha za tuzo mara nyingi haziwaoni.

Sasa tuzo zinakosewaje? Kosa la kwanza ni kuhesabu miaka ya uanachama badala ya miaka ya kazi. Mtu aliyelipa ada miaka 20 bila kushika jukumu lolote ni mwanachama mwaminifu, apewe beji ya uanachama. Aliyeongoza safari kwa misimu 11, hata kama katikati alihamishwa kikazi akarudi, ndiye wa tuzo ya utumishi. Kosa la pili ni kamati kujituza yenyewe. La tatu ni kuwapa wafadhili tuzo ya watu wa kujitolea. Mfadhili ana shukrani yake, atangazwe na bango lake litundikwe, lakini mambo hayo mawili yakichanganywa kwenye meza moja, mwakani hakuna atakayejitolea bure. La nne, na hili linaniudhi kuliko yote, ni kungoja msiba. Wasifu unaosomwa makaburini ungeweza kusomwa ukumbini mwenyewe akiwa anasikia na kusahihisha tarehe.

Makosa yote manne yana chanzo kimoja: hakuna kumbukumbu ya nani alifanya nini. Kamati isiyo na kumbukumbu humtuza anayeonekana, na anayeonekana ni mwenye kipaza sauti. Kwa hiyo pendekezo langu ni daftari. Kaunta buku ya kawaida inatosha, na nakala yake ipigwe picha kila mwisho wa robo mwaka. Safu zake ziwe tarehe, kazi iliyofanyika, mahali, saa zilizotumika pamoja na maandalizi, na sahihi ya shahidi. Maandalizi yasisahauliwe, kwani safari ya siku moja niliyoieleza hapo juu hula siku nne au tano za mtu. Katibu ajaze ndani ya wiki moja baada ya shughuli. Ikipita hapo saa huanza kukadiriwa, na makadirio huvimba au kusinyaa kufuatana na urafiki. Kwa kazi za nyuma ambazo hazikuandikwa, zitumike mihtasari ya vikao, orodha za waliosafiri, risiti za mafuta ya gari na vijitabu vya mwongozo, kila kimoja kikitajwa kama ushahidi.

Daftari hilo litatatua pia ugomvi wa posho. Anayerudishiwa nauli na vocha kwa risiti bado amejitolea. Hajapata faida, hajapata hasara. Anayelipwa posho ya kikao kwa kila mkutano amefanya kazi halali ya malipo, na hakuna ubaya, ila saa hizo zisiandikwe kwenye safu ya kujitolea. Iwekwe safu ndogo ya neno moja: risiti, posho au bure. Mwaka wa kwanza watu watanuna.

Jina likishapatikana, lipendekezwe na watu wawili, mmoja wao awe kijana aliyefundishwa au kuongozwa na mhusika, na asiwepo anayefanya kazi naye ofisi moja. Ukurasa mmoja unatosha. Mhusika aulizwe kama anakubali, maana wapo wasiopenda kuitwa mbele za watu. Waamuzi wawe watatu wasiogombea wala kupendekeza, na sababu ya uamuzi isomwe ukumbini kwa sentensi nne au tano zenye mambo yaliyofanyika: safari kadhaa, mwongozo upya, masanduku kadhaa ya sampuli. Sifa za “mchapakazi” na “mzalendo” ziachwe, zinamfaa kila mtu.

Wenzetu walishayapitia haya. Chama cha Wanajiolojia wa Petroli cha Marekani, AAPG, kilichoanzishwa mwaka 1917, kina medali ya Sidney Powers kwa mchango katika fani, na kina tuzo nyingine za utumishi kwa waliokitumikia chama. Kutenganisha hivyo kunasaidia: anayejua sana haombwi awe pia amefagia ukumbi, na aliyefagia hashindanishwi kwa idadi ya makala. Jumuiya ya Jiolojia ya London iliundwa mwaka 1807, na William Smith, mpima mifereji asiye na chuo, akachapisha ramani yake ya jiolojia ya Uingereza mwaka 1815. Alifungwa kwa madeni mwaka 1819. Jumuiya hiyo ilimpa medali yake ya kwanza ya Wollaston mwaka 1831, miaka 16 baada ya ramani. Angalau ilimkuta hai.

Kuhusu ngao yenyewe, nashauri tuachane na plastiki ya rangi ya dhahabu. Kanda hii ina chokaa ya Songwe iliyotandazwa na chemchemi za maji moto, ile inayokatwa na kung'arishwa kama marumaru. Kipande cha unene wa sentimita mbili kinatosha. Kina vitundu, kwa hiyo vizibwe kwa gundi ngumu kabla ya kung'arisha, na maandishi yasichongwe moja kwa moja kwenye jiwe kwa kuwa kingo za herufi humeguka. Yachongwe kwenye kibati cha shaba kinachofungwa kwa skrubu mbili. Aliyepewa aambiwe asikisafishe kwa siki, limau wala dawa ya choo, maana ni chokaa na asidi itakila. (Mwanajiolojia anatakiwa kulijua hilo; anayepangusa vumbi nyumbani kwake huenda halijui.) Na tahajia ya jina ithibitishwe na mwenye jina kwa maandishi. Mwakyusa na Mwakyosa ni watu wawili.

Mbali na jiwe hilo, kuna vitu vitatu vya gharama ndogo vinavyodumu: msamaha wa ada ya mwaka kwa maisha yote, kiti cha bure kwenye safari za uwandani, na jina lake kwenye jalada la mwongozo alioutengeneza. Iringa huko, mzee anayeheshimiwa huvishwa mgolole, shuka la kujitanda begani. Tawi likitaka kufanya hivyo, lifanye, wazee wa pale wataelekeza utaratibu.

Kuna hatari moja. Tuzo ikitolewa vibaya huwa ni kumstaafisha mtu kwa adabu: anapewa ngao Desemba, Januari haitwi tena, na funguo za stoo, namba za watendaji wa vijiji na vituo vya njiani vinabaki kichwani mwake. Kwa hiyo kila anayepewa tuzo ya miaka 10 na kuendelea apangiwe mtu wa kumrithi, watembee pamoja msimu mmoja mzima wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, mrithi ndiye aandike na mkongwe asahihishe.

Kwa mikutano ya Desemba, ratiba inawezekana: mapendekezo yafunguliwe Agosti, ushahidi ukaguliwe Septemba na Oktoba, uamuzi utoke wiki ya pili ya Novemba, na fundi wa mawe apewe kazi siku hiyo hiyo, kwani kukata, kuziba vitundu na kung'arisha kunahitaji angalau wiki mbili, na mvua zikianza umeme wa karakana si wa kuutegemea.

Mwanajiolojia wa mafuta na gesi,
Mbeya