Shusha pumzi, Zuhura

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Arusha kwenye baridi yenu. Sisi hatujambo. Mama mguu umepona, anatembea mpaka kwa jirani bila fimbo.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Unasema kila mwisho wa mwezi, wateja wakichelewesha marejesho ya mikopo, kifua kinakubana. Unalala saa sita, saa nane macho kodo, moyo mbio kama unafukuzwa. Halafu ukacheka, ukasema ni mawazo tu. Hayo mawazo tu, Zuhura, mimi yalinifikisha hospitali, na sikukwambia.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa kusahihisha mitihani. Niko sokoni Makorora nachagua nyanya, mara vidole vikaanza kunichomachoma, midomo ikafa ganzi, nikaona hewa hainitoshi. Nikajua basi, moyo unasimama. Muuza nyanya akanikalisha juu ya kreti la soda, akawa ananipepea kwa kipande cha boksi, na kila aliyepita alisema neno lile lile: "Vuta pumzi, mwalimu! Vuta!" Nikavuta. Kadiri nilivyovuta, ndivyo kizunguzungu kilivyozidi. Hospitali wakapima presha, damu, na moyo kwa ile mashine ya nyaya nyingi. Kila kitu sawa. Nikarudishwa nyumbani na panadoli, bila maelezo.

Aliyenieleza ni dada aliyekuwa akija kumfanyisha mama mazoezi ya mguu. Mtu akishikwa na hofu hupumua harakaharaka, na hapo hutoa kabonidioksidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ikipungua kwenye damu, ndipo vidole hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Kumbe siku ile hewa nilikuwa nayo tele, nami nazidi kujaza! "Wewe shusha," akaniambia. "Kuvuta kutakuja kwenyewe."

Hebu fanya hili sasa, barua ikiwa bado mapajani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu mpaka nne. Itoe kama unayepuliza uji wa moto, uhesabu mpaka sita. Rudia mara kadhaa, usilazimishe. Unapovuta utasikia mapigo yanachangamka kidogo, unapotoa, yanalegea. Kuna neva ndefu, vagasi, inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni mpaka tumboni, na wakati wa kutoa pumzi ndiyo inayoushika moyo breki. Kwa hesabu hiyo unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 mpaka 20. Wazee walisema kushusha pumzi, na hata kupumzika kumetoka humo humo kwenye pumzi. Tulikuwa nalo mdomoni siku zote.

Usiku pumzi peke yake haikunitosha. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, na mimi sina habari. Yule dada akanifundisha kukaza na kuachia, njia ya daktari wa Kimarekani Edmund Jacobson, aliyeichapisha mwaka 1929. Yeye aliwafundisha watu kwanza waujue msuli uliokazana, ndipo waulegeze. Naanza na vidole vya miguu: navikunja kwa nguvu kama sekunde tano, naachia, nangoja niisikie tofauti. Mapaja, tumbo, ngumi, mabega. Mwisho uso: nafumba macho kwa nguvu, nauma meno, naachia. Mara ya kwanza taya lilipolegea, machozi yalinitoka, wala sijui nalilia nini. Siku hizi usoni sifiki, usingizi unanichukua kwenye mapaja.

Unamkumbuka bibi yako kule Pangani, tukitoka baharini tunatetemeka, anatukanda miguu kwa mafuta ya nazi huku anavuma wimbo mdomo umefumba? Jaribu kuvuma hivyo jikoni, uone pumzi inavyotoka ndefu bila kuhesabu. Nadhani ndiyo maana tulikuwa tunasinzia mapajani pake.

Lakini kifua chako usikiamulie kwa barua yangu. Kapime moyo kwanza, wiki hii, hata kama una hakika ni wasiwasi. Na usiku ukifika mahali ukatamani kutoamka, hapo pa kuhesabu pumzi hapana: nipigie, hata iwe saa tisa, na asubuhi uende kwa daktari wa afya ya akili. Tena pumzi hazilipi mkopo wa mtu. Bosi anayekupigia saa nne usiku kukuuliza fulani kalipa au hajalipa, huyo lazima uzungumze naye mchana, umetulia. Shusha pumzi kabla hujaingia ofisini kwake.

Shule zikifunga mwezi wa sita nakuja. Nitakaa siku nne. Nazi nimezikuna Jumapili, mafuta nimeyapika mwenyewe, chupa nzima iko kabatini ina jina lako. Hiyo shingo nitaikanda mimi.

Shoga yako,
Mwanaidi