Barua kwa wazazi: kufunga muhula, na habari za mashimo

Kwa wazazi na walezi wetu wa Lamu,

Assalaam aleikum.

Tumefunga muhula salama, alhamdulillah. Ripoti mtapewa na walimu wa madarasa. Tarehe ya kufungua na salio la pesa za chakula vimo humo. Mwenye swali kuhusu alama aonane na mwalimu kabla hajamgombeza mtoto.

Barua hii hasa ni ya mashimo, maana sare mmezifua ninyi. Nyuma ya madarasa mapya, wataalamu wa mambo ya kale wenye leseni waliwaongoza wanafunzi wa Gredi ya 6 kuchimba mashimo ya mita 1 kwa mita 1. Jembe halikutumika. Udongo ulikwanguliwa kwa mwiko wa fundi, sentimita 10 baada ya 10, na kila tabaka likachekechwa na kutiwa mfuko wake wenye lebo.

Baadhi yenu mmeniuliza: pale si palishavurugwa na mafundi wa msingi? Palivurugwa, naam. Mfuko mmoja una kizibo cha soda, bonge la saruji na kigae cha kaure ya Kichina, buluu juu ya nyeupe, ukingo wake bado unang'aa. Kizibo kinatuambia udongo ule umepinduliwa zama zetu hizi. Kigae nacho ni cha kale vilevile, ila hakiwezi tena kutuonyesha kilikuwa kimekaa wapi. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta msikiti juu ya msikiti, wa chini ukiwa wa karne ya 8, kwa kuwa matabaka yalikuwa yametulia. Sisi tuna vifusi.

Na kifusi husafiri. Mchanga wa kujengea huletwa na punda. Huenda kigae kilipanda punda huyohuyo. Hapo tunawahitaji ninyi kuliko wataalamu: nani alijenga, mwaka gani, msingi ulishuka kiasi gani, kifusi kilitoka wapi. Chini ya msingi huenda udongo wa zamani haujaguswa.

Muhula ujao tunatafuta nyua za kuchimba, hasa mtaa wa Langoni, hata zilizochimbwa choo juzi. Anayekubali ajiandikishe kwa mwalimu wa darasa. Msichimbe wenyewe: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka leseni, na vitu hivi si vya kuuziwa wageni. Dhahabu (nimeulizwa sana) hatujapata wala hatuitafuti.

Mwenye kuchimba shimo la choo likizo hii, tafadhali atuite kabla fundi hajalijengea.

Wenu,
Mwalimu Mkuu