YAH: MAWE YA UANI YALIYOTITIA NA LUGHA YA MSIMAMIZI WENU

Gungu, Kigoma.

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa heshima, ingawa iliyobaki ni kidogo. Masharti ya dhamana mliyoitoa kwa kazi yenu mnayajua kuliko mimi. Mawe mliyotandika uani kwangu mwezi Oktoba yametitia baada ya mvua mbili kubwa, na maji sasa yanatuama mlangoni badala ya kuteremkia barabarani, jambo ambalo katika mji wa vilima kama huu ni gumu kulifanya hata kwa makusudi.

Nilipomwita msimamizi wenu, alikuja jioni, akalikanyaga kwa buti jiwe linalocheza, akacheka mbele ya mke wangu na wapangaji wetu, akasema: "Mzee, mvua haikusaini mkataba."

Nimefukua mawe manne kwa mikono yangu. Chini yake nimekuta mchanga mtupu wa sentimita 10 hivi, umemwagwa juu ya udongo, ilhali mchanga wa kulaza mawe hupaswa kuwa wa sentimita 3 au 4 tu, na uzito hubebwa na kokoto zilizoshindiliwa kwa mashine chini yake. Pembeni hakuna kingo za zege, ndiyo maana mawe ya mwisho yanahamia kwa jirani. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani haupo. Pima maji niliyoazima inaonyesha kwamba uwanja umeinamia nyumba. Na siku ile ya kumaliza kazi niliuliza ilipo mashine ya kushindilia, nikaambiwa iko Kasulu na miguu ya mafundi inatosha! Kwa upande wangu nimetimiza kila agizo: nimefagia mchanga mkavu kwenye nafasi za mawe, nimeng'oa majani, hata bajaji nimezizuia zisiingie.

Narudi kwa msimamizi, kwa sababu jambo lile linaninyima usingizi. Alikuwa akimenya chungwa, maganda akiyaangusha uani kwangu, wala hakunitazama usoni, hata fundi kijana aliyefuatana naye akainamisha kichwa kwa aibu. "Mvua haikusaini mkataba." Mimi nilisaini, Meneja, nanyi mlisaini, na fedha zote nililipa siku ileile.

Nilikusudia kuomba mawe yatandikwe upya, basi. Sasa nataka ndani ya siku 14 yang'olewe yote, kokoto zimwagwe na kushindiliwa kwa mashine, kwa gharama zenu, pamoja na kupaka rangi ukuta uliolowa. Siku hizo zikipita nitadai fedha zangu zote, na barua hii pamoja na picha zitafika Tume ya Ushindani na Mahakama ya Mwanzo. Kwa vyovyote vile, msimamizi yule aje jioni, mbele ya wapangaji walewale, aniombe radhi.

Wenu,
Mteja aliyekwisha kulipa