Barua kwa Mwanangu Anayepanda Usambara

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema safari ya Serengeti imewashinda gharama, kwa hiyo likizo hii wewe na wenzako mtapanda Usambara. Umeandika kwa unyonge, kama mtu aliyekosa harusi akaambulia kiporo cha pilau. Mimi nimefurahi sana, na nataka uende ukijua unakokwenda.

Amani, kwenye msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki, hakuna simba wa kupiga picha dirishani mwa gari. Utajiri wa msitu ule uko kwenye vitu vidogo, na vingi havipatikani kwingine. Sababu kubwa ni bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, ukikutana na milima hupanda juu, hupoa, mvua inanyesha. Imekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikapotea. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, ilibaki na misitu yake, kila mmoja peke yake, na viumbe vilivyobaki humo vikabadilika kivyake. Kuna ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, ambaye anajulikana Usambara Mashariki na kwenye nyanda za Njesi huko Msumbiji, basi.

Mkishuka Muheza, tafuteni gari la kupanda Amani na msipite Zigi haraka. Pale langoni pana nyumba ya zamani ya stesheni, kumbukumbu ya reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha mbao kutoka msituni. Reli yenyewe haipo tena. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji huingia kwenye mabomba ya Tanga mjini. Yale maji uliyokuwa ukiyachezea bombani kwa shangazi yako yalitoka huko.

Karibu na vijito, angalieni miamba iliyo kivulini. Mtaona mmea mfupi, majani manene yenye vinyweleo, maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hilo, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo uko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoumwagilia hawajui kwamba asili yake ni Tanga na milima hii. Huku kwetu unategemea kivuli cha miti mikubwa: miti ikikatwa, jua hufika kwenye mwamba, unyevu unakwisha, mmea unakufa. Usiuchume, hata jani moja.

Sasa hili ndilo ninalolitaka zaidi. Usiku mmoja mwombeni mwongozaji awapeleke kutafuta vinyonga. Najua umekua ukisikia kwamba kinyonga ni nuksi, hata bibi yako hataki kumwona. Nenda hivyo hivyo. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, kwa hiyo ukipitisha tochi taratibu kwenye vichaka utamwona anang'aa katikati ya majani. Hulala kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba, mkia ameukunja, ili nyoka akinyemelea kijiti kitikisike naye aamke. Mkibahatika mtamwona dume wa pembe tatu. Wako na wengine wadogo kuliko kidole chako, wa kahawia, wanaofanana kabisa na jani kavu. Mtazameni, kisha mwondoleeni mwanga. Msimshike.

Mchana mtawaona mbega bila shida, na hondohondo mtasikia mbawa zake kabla hajatokea.

Bustani ya miti ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walitaka kujua mazao gani yangewaletea faida koloni lao, wakapanda mpira, kahawa, mikwinini, mikarafuu, midalasini na miti mingine kutoka mabara mengi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani yenyewe ni ya mwaka 1997. Mnapozunguka, mtasikia sana majina ya wataalamu wa Ulaya. Waulizeni na wazee wa vijiji vya jirani. Waliofyeka, waliobeba miche mabegani na waliojua kila mti kwa jina lake walikuwa watu wa huko, na sipendi wasahaulike.

Mkibakiza siku, vukeni bonde la Lwengera mwende Usambara Magharibi. Wengi hukimbilia Irente kutazama tambarare, na ni kweli panapendeza, lakini mimi ningeanza na Vuga, makao ya kale ya watawala wa Wasambaa. Masimulizi ya Wasambaa yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyekimbia ndugu zake kwa sababu alizaliwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota. Akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, nyama akawagawia, akaua na simba, watu wakamtawaza. Watawala wa ukoo wake, Wakilindi, waliitwa Simba Mwene. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika kwa Kimweri, mmoja wa watawala hao, mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, akakuta ufalme uliokwisha simama. Mkifika, ombeni ruhusa kwa wenyeji kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Beba sweta pia, na viatu vyenye meno, kwani utelezi wa huko hauna mchezo. Baba yako anakusalimu. Nipigie mkifika Muheza, huko juu mtandao unasumbua.

Mama yako