Zahanati si fadhila ya mgodi

Mhariri,

Picha za misaada ya migodi ni zile zile: meneja wa kampuni ya madini na mkuu wa wilaya wameshika hundi kubwa ya mfano, nyuma yao wanafunzi wamejipanga kando ya madawati yenye nembo. Sipingi madawati. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni sasa ana pa kuandikia. Ninachopinga ni viongozi kusimama pale na kushukuru kwa niaba yetu, kana kwamba elimu na tiba ni hisani tunayofanyiwa.

Tangu Sheria ya Madini ya Tanzania iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye leseni ya kuchimba hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ni sheria nzuri, kwa sababu kampuni haijiamulii tena peke yake kama mwaka huu ni kisima au jezi za mpira. Lakini jengo la zahanati linaweza kukamilika, likapakwa rangi, likazinduliwa kwa ngoma, kisha likabaki na kufuli mlangoni, maana mgodi haumlipi muuguzi mshahara wala haununui dawa mseto ya malaria mwezi hadi mwezi. Hiyo ni kazi ya serikali. Inataka ikama, yaani nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, na bajeti ya kudumu, hata dhahabu itakapokwisha.

Na wasio na mgodi je? Mama anayejifungua Geita na anayejifungua Ukerewe wana haki ile ile. Mpango wa mgodi wa Geita haumfikii wa Ukerewe; wa kumfikia ni Hazina. Marekebisho hayo hayo ya 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mgodi huilipa serikali, kutoka asilimia 4 hadi 6, na kwangu hilo ni kubwa kuliko hundi zote za mfano, kwa kuwa fedha hiyo inaingia bajeti ya nchi, na mbunge anaweza kuihoji. Msaada hauhojiwi, unapigiwa makofi.

Ninaomba halmashauri zibandike mpango wa mgodi kwenye mbao za matangazo za vijiji, na kando ya kila jengo ziandike serikali italeta wauguzi au walimu wangapi, lini, na kwa fungu lipi. Kama hilo halijajibiwa, mkutano wa kijiji usikubali msingi uchimbwe.

Mkazi wa Geita