Mbwa wako anakula udongo? Mfunue mdomo kabla hujamchapa

Wiki hii kwenye kliniki yetu ya wanyama tumeletewa mbwa jike wa kienyeji, pua yote imejaa udongo mwekundu. Mwenyewe alikuwa ameshamchapa na kumfunga mnyororo, lakini kila akifunguliwa anarudi palepale chini ya mwembe, anachimba na kutafuna. Tukamfunua mdomo. Fizi ambazo zingepaswa kuwa na rangi ya waridi zilikuwa zimepauka kama ugali.

Tulipopima kinyesi chake kwa hadubini tulikuta mayai ya safura, mengi. Minyoo hii hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu, na mbwa aliyepungukiwa damu anaweza kuanza kutamani udongo. Ubaya ni kwamba viluwiluwi vya safura huishi humohumo kwenye udongo wenye unyevu, kwa hiyo kila tonge analomeza linaweza kumwongezea minyoo. Viluwiluwi hivyo hupenya hata ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku uani. Zoeni kinyesi cha mbwa kila siku.

Kupe nao huleta vimelea vinavyoharibu damu, basi mkague masikioni na katikati ya vidole. Halafu kuna chakula. Wateja wetu wengi huwapa mbwa ugali na mchuzi uliobaki. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji dagaa, utumbo uliochemshwa, yai. Na mchuzi wenye vitunguu, tafadhali acheni kabisa: vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa mbwa. Msikadirie kwa dawa ya ng'ombe, inaweza kuua. Watoto wa mbwa huanza kupewa wakiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka wafikishe wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mkubwa, kila miezi 3.

Wapo pia mbwa wazima kabisa wanaokula udongo kwa kukosa la kufanya, hasa anayeshinda kwenye mnyororo. Huyo anahitaji matembezi asubuhi na jioni, na mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna (uliopikwa huvunjika vipande vikali). Wengine wanafuata harufu: pale mnapochinjia kuku, au pale maji ya kuoshea samaki yanapomwagwa. Osheni mahali hapo, kisha wekeni mawe juu yake. Ukimkuta anakula, usimkimbize, maana atameza haraka zaidi. Mwite kwa sauti ya kawaida, akija mpe dagaa mmoja. Rudia hivyo kila mara, kwa uvumilivu, hata kama itachukua wiki kadhaa.

Msikawie kumleta ikiwa anatapika, tumbo limejaa, hajapata choo tangu jana, au choo ni cheusi kama lami. Mchanga ukijazana huziba utumbo. Na kama pale anapochimba kumewekwa sumu ya panya au mbolea, njooni hapo hapo na pakiti yake.

Kwa uchunguzi wa kawaida, leteni kinyesi cha asubuhi hiyohiyo, kiasi cha kijiko kimoja, ndani ya kikopo safi chenye kifuniko. Chukueni kile cha juu kisichogusa ardhi.