Shukrani kwa mzee wa Teddington

Jumapili asubuhi tulikuwa baiskeli saba, mwendo wa polepole kutoka Kingston, kupitia Bushy Park hadi Richmond Park. Baridi ya Januari ya London, mnaijua. Karibu na daraja la waenda kwa miguu la Teddington, tairi langu la nyuma likapata pancha. Nilikuwa mkiani, wenzangu hawakusikia nikiita, na vidole vilikufa ganzi hata valvu sikuweza kuifungua.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama. Kwanza alinipa glavu zake nivae. Kisha akapindua baiskeli, akatoa gurudumu, akachomoa tyubu. Mimi ningeweka mpya papo hapo. Yeye akapitisha kidole taratibu ndani ya tairi mpaka akaupata mwiba. Bila hivyo ningepata pancha nyingine kabla ya kufika Ham. Akajaza upepo kwa kipampu changu, kazi ya kutoa jasho hasa, huku mbwa akinitazama kana kwamba ananidai.

Jina hakutaja, chai alikataa. Nanyi mnaoendesha kwa kundi, anayekaa nyuma awe mzoefu, si mgeni kama mimi.

Mzee wangu, ahsante sana. Glavu zako niliondoka nazo. Nimezifua, Jumapili ijayo saa nne nitapita palepale.